Je, Wajua? Wagonjwa Wasiosema

Je, wajua kuwa kuna kiumbe ukimkata mguu anaotesha mwingine, wenye mifupa, misuli, mishipa ya fahamu na vidole vyake vyote? Anaitwa aksoloti, salamanda wa Mexico. Na haishii miguuni: mkia, kipande cha moyo, kipande cha ubongo, hata uti wa mgongo, vyote anavirudisha. Wewe kidole chako kikienda na panga, ndiyo basi tena.

Sasa shangaa: kiumbe huyohuyo anayeotesha ubongo anaweza kuuawa na kijiwe. Hali kwa kutafuna. Anafungua mdomo ghafla, maji yanavutwa ndani, na kilicho jirani kinaingia nayo, kiwe nyungunyungu au changarawe. Ndiyo maana wafugaji huambiwa: jiwe la kwenye tangi liwe kubwa kuliko kichwa chake, au pasiwe na jiwe kabisa.

Usihangaike kumtafuta salamanda Morogoro. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili! Afrika nzima wako kaskazini tu, kwenye nchi kama Moroko, Algeria na Tunisia. Lakini usiondoke, maana Mji Kasoro Bahari una jamaa zake wengi mlimani pale Uluguru, na wengine ni wa ajabu kumzidi.

Wajua kuwa aksoloti huzeeka kabla hajakua? Vyura huanza wakiwa viluwiluwi, kisha hubadilika na kutoka majini. Aksoloti hubaki kiluwiluwi maisha yake yote, matamvua yake yakiwa yametokeza nje kichwani, na katika hali hiyohiyo ya utoto hutaga mayai na kupata wajukuu.

Mwaka 1864 aksoloti 34 walifika Paris kutoka Mexico. Wakazaana, na baadhi ya watoto wao wakaanza kupoteza matamvua, wakapanda nchi kavu! Mtaalamu Auguste Duméril alikuwa na kiumbe mmoja kwenye maji na mwingine tofauti kabisa nje ya maji, na wote ni wa ukoo mmoja. Leo tunajua kinachomgeuza: ni homoni ya thairoidi. Akipewa homoni hiyo, utoto wake unaisha.

Umewahi kuona noti ya peso 50 ya Mexico, ile iliyotoka mwaka 2021? Aksoloti yuko hapo. Kwenye noti anastarehe, kwao hali ni mbaya: huko Xochimilco, jijini Mexico City, mwaka 1998 walihesabiwa takribani 6,000 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mwaka 2014 walikuwa 36. Ndiyo, thelathini na sita.

Na vinasaba vyake? Herufi bilioni 32. Vyako wewe, msomaji wangu mwenye shahada na simu janja, ni kama bilioni 3.

Kwenye tangi, akitunzwa vizuri, aksoloti huishi miaka 10 hadi 15, na wapo waliopita 20. Mtoto anaweza kumpata akiwa darasa la kwanza, akamwacha nyumbani anapokwenda chuo. Na mzee ni mzee: mguu ambao kijana anaotesha upesi, yeye atauchelewesha.

Sasa mzee huyo akiugua, nani atajua? Halii, hakohoi, hachechemei, na hata mzima hukaa chini ya tangi bila kusogea. Sikiliza hapa wanavyomsoma wanaomjua.

Kwanza, matamvua. Manyoya yale mekundu kichwani ni damu yake unayoiona kwa macho bila kutoboa ngozi. Yakipauka ghafla, damu ina shida. Yakikunjamana kuelekea mbele kama anayekimbia upepo, jua kuna kitu majini kinamkera.

Pili, ncha ya mkia. Ikijikunja mithili ya ndoano, hana raha. Dalili ndogo namna hiyo, na wafugaji huwa nayo macho kila asubuhi!

Tatu, na hii ndiyo nzuri kuliko zote: daktari anayejua kazi yake hupima maji kabla ya kumpima mgonjwa. Amonia inatakiwa iwe sifuri, nitraiti sifuri. Mara nyingi aliyeletwa kwa daktari ni aksoloti, lakini aliyeugua ni tangi.

Nne, joto. Aksoloti anataka maji ya nyuzijoto 16 hadi 18. Yakipita 24 anaanza kuteseka. Morogoro mjini mwezi wa Desemba hewa hupita 30 bila kuomba ruhusa. Ukitaka kumfuga huku bila mtambo wa kupoza maji, mpandishe kwenye uwanda wa Lukwangule kule Uluguru, zaidi ya mita 2,000 juu, akae na baridi yake.

Usicheke: wapo wafugaji wanaomweka mgonjwa kwenye friji! Chombo cha maji safi, nyuzijoto chache, kando ya maziwa na nyanya, ili mwili upunguze mwendo na kuvu isikue upesi. Wataalamu hawakubaliani wote juu ya jambo hilo, na mimi ningemhurumia mwenye nyumba anayefungua friji usiku kutafuta maji ya kunywa.

Kuvu yenyewe utaiona: nyuzi nyeupe kwenye matamvua au kwenye kidonda. Na moja ya dawa za wafugaji huko Ulaya na Marekani ni nini? Majani makavu ya mkungu! Mkungu huuhuu wa pwani, ambao watoto wa Bagamoyo na Tanga hupasua kungu zake kwa jiwe. Majani yake huyafanya maji yawe na rangi ya chai, na wafugaji huamini hali hiyo huizuia kuvu. Majani tunayofagia na kuchoma, wenzetu wanayanunua kwa pakiti.

Wengine hawana habari na mkungu, wanamwogesha kwa chai ya rangi. Bila sukari, bila tangawizi.

Tumbo likivimba, hapo kazi imekuwa kubwa. Inaweza kuwa figo, ini, moyo, uvimbe, au mayai tu ambayo hayajatoka. Daktari huvuta maji kidogo kwa sindano, hupiga picha ya eksirei, na ultrasaundi huweza kufanywa mgonjwa akiwa majini, maana maji yenyewe hubeba mawimbi ya sauti.

Moyo je? Kifaa cha kusikilizia cha kawaida ni kikubwa mno kwa mgonjwa mdogo kiasi hicho. Daktari hutumia kifaa cha dopla, kile kinachosikilizisha mwendo wa damu, na pigo la moyo wa mnyama wa gramu kadhaa husikika chumba kizima.

Na dawa ya usingizi haichomwi: anaogeshwa nayo. Mgonjwa anawekwa kwenye maji yenye dawa, ngozi inainywa, analala. Akishatibiwa anahamishiwa maji safi, anaamka. Jihadhari tu na mikono yako, maana ngozi inayonywa dawa hunywa pia sabuni na mafuta ya kujipaka uliyonayo. Ndiyo maana madaktari huvaa glavu, na kuzilowesha kwanza.

Aksoloti mwenye miaka 20 ni mzee, lakini si mzee wa kutisha. Salamanda mkubwa wa Japani alipelekwa Uholanzi mwaka 1829, akaishi huko zaidi ya miaka 50. Na kuna salamanda wa mapangoni huko Slovenia, mweupe, kipofu, ambaye wataalamu hukadiria kuwa akishakomaa huishi karibu miaka 70 kwa wastani.

Unataka kinyume chake? Nenda Kimamba, wilayani Kilosa, penye reli na mkonge. Kwenye madimbwi ya huko kuna samaki mdogo mwenye rangi kali, Nothobranchius steinforti, aliyepewa jina hilo mwaka 1977. Dimbwi likikauka, samaki wote wanakufa. Mayai hayafi! Yanalala kwenye udongo mkavu miezi kadhaa, mvua inanyesha, yanaanguliwa. Ukiwaona watoto kwenye tope lile utaapa samaki wamenyesha kutoka mbinguni.

Binamu yake wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, hukomaa na kutaga baada ya siku 14 tu tangu kuanguliwa. Siku kumi na nne! Katika kundi la wanyama wanaofugwa wenye uti wa mgongo, hakuna anayekimbilia uzee kumshinda: miezi michache tu amekwisha.

Sasa ona uzee wake unavyosomeka. Rangi inafifia, mgongo unapinda, mwili unakonda, na hata kujifunza kunakuwa kugumu. Uzee ambao kwa aksoloti ungeusubiri miaka 15, kwa samaki huyu unauona kati ya mvua za vuli na za masika. Ndiyo maana maabara za uzee huko Ujerumani zimemjaza kwenye matangi.

Wataalamu hao walifanya jambo ambalo usilisome ukiwa mezani. Mwaka 2017 walieleza kuwa waliwapa samaki wa makamo vijidudu vya tumboni kutoka kwa samaki vijana, kwa kuwaweka kwenye maji yenye yaliyomo kwenye utumbo wa vijana hao. Wakaishi muda mrefu kuliko wenzao!

Turudi mlimani. Wajua kuwa Uluguru kuna vyura wasiotaga mayai? Mimba inalelewa tumboni, na anayezaliwa ni chura kamili, si kiluwiluwi. Mmoja wao ni Nectophrynoides cryptus, aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 1971, na hayupo popote pengine duniani ila Uluguru tu. Duniani kuna maelfu ya aina za vyura. Wanaozaa namna hii wanahesabika, na wengi wao ni Watanzania.

Na kuna amfibia asiye na mguu hata mmoja, anayefanana na nyungunyungu mnene mwenye meno. Anaishi ardhini, kwenye udongo laini wa misitu ya Uluguru. Mwingereza Arthur Loveridge alipanda milima hii mwaka 1926 kukusanya wanyama, na miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Thomas Barbour wakatambulisha kwa sayansi aina mbili, Boulengerula uluguruensis na Scolecomorphus uluguruensis. Ukilima bustani Mgeta ukamkuta, usimkate kwa jembe ukidhani ni nyoka. Hana sumu ya kukudhuru.

Sogea karibu kwa hili. Jamaa mmoja wa ukoo huo, Scolecomorphus kirkii, jicho lake limeshikamana na kipapasio. Kipapasio kikitoka nje, jicho nalo linatoka, mpaka nje ya fuvu! Ungekuwa wewe, daktari angekukimbia.

Na wa Milima ya Taita, Kenya, Boulengerula taitana, je? Mama huwalisha watoto ngozi yake mwenyewe. Ngozi inanenepa na kujaa mafuta, watoto wanaibambua kwa meno na kuila, kisha inaota nyingine. Wataalamu walipowapima mwaka 2006, katika wiki moja mama alipungua asilimia 14 ya uzito. Anayemwona amekonda ghafla asidhani anaumwa: ananyonyesha, kwa namna yake.

Ngozi, ngozi, ngozi! Kwa chura kila kitu ni ngozi. Anapumulia ngozi, na maji hanywi kwa mdomo bali huyafyonza kwa ngozi, hasa ya tumboni. Kila baada ya muda anaivua, na akishaivua anaila. Kwa hiyo ukikuta chura anajivua ngozi huku anatafuna, ni mzima wa afya.

Chura humeza kwa macho. Kweli kabisa! Macho yanazama ndani ya kichwa na kusukuma chakula kooni. Chura anayefumba macho akila hajasikia utamu, anasukuma.

Na akila kitu kibaya? Hatapiki chakula peke yake. Anatoa tumbo zima nje kupitia mdomoni, analifuta kwa mkono, analirudisha ndani. Safi.

Umri wa chura unasomwa wapi? Kwenye kidole. Mifupa yake huweka alama za majira ya kusimama kukua, na mtaalamu akichukua ncha ya kidole kimoja na kuikata vipande vyembamba, anahesabu chini ya hadubini.

Sasa tulia, maana hadithi hii ni ya kwetu na imezunguka dunia. Mwaka 1996, kwenye korongo la mto Kihansi, Milima ya Udzungwa, walionekana vyura wadogo wa manjano ambao sayansi haikuwa ikiwajua. Jike mkubwa hafiki sentimita 3. Makazi yao yote duniani yalikuwa kama hekta 2, mahali ambapo maporomoko yalirusha manyunyu mchana na usiku. Hekta mbili! Kuna watu Kilombero wana shamba la miwa kubwa kuliko nchi nzima ya vyura hao.

Wakati huohuo lilikuwa linajengwa bwawa la umeme wa megawati 180. Lilipoanza kazi, zaidi ya asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakishuka korongoni yakaelekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakakatika. Unajua walichofanya? Walifunga mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, mvua ya kutengenezwa, kwa ajili ya chura anayekaa kwenye ukucha wa dole gumba.

Na mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege hadi Bustani ya Wanyama ya Bronx, New York. Huko ndiko udaktari ulipoonja pilipili. Vyura wakafa na kufa, na wataalamu wakawapasua waliokufa kutafuta sababu. Jaribu kumpasua mgonjwa wa sentimita 2 ukatafute minyoo kwenye mapafu yake. Waliipata!

Mtoto wa chura huyu akizaliwa ana nusu sentimita. Chakula chake lazima kiwe kidogo kuliko hapo, na kiwe hai. Taa zake lazima ziwe na mionzi inayofanana na ya jua, na maji yachujwe mpaka yachujike. Idadi ikashuka hadi wasiofika mia, ndipo ikaanza kupanda, Bronx na kwenye bustani ya wanyama ya Toledo, Ohio.

Nyumbani nako? Mwaka 2003 korongo lilikuwa na maelfu kwa maelfu ya vyura. Januari 2004 walioonekana walikuwa watatu. Kati ya tarehe hizo kulikuwa kumegunduliwa kitu kisichoonekana kwa macho: kuvu ya ngozi ya amfibia, Batrachochytrium dendrobatidis. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kutoweka porini.

Kuvu hiyo inaua vipi? Inakaa kwenye ngozi tu. Lakini ngozi ndiyo inayosawazisha chumvi za mwili wa chura, na chumvi zikivurugika moyo unasimama. Kwa hiyo chura hufa kwa moyo, na ugonjwa uko kwenye ngozi!

Kumpima ni rahisi kuliko unavyodhani. Unachukua kijiti chenye pamba, unampangusa tumboni, mapajani na kati ya vidole, na maabara inatafuta vinasaba vya kuvu kwenye pamba ile. Chura anarudi zake kwenye jani, hajatobolewa popote.

Unajua ukubwa wa balaa hilo? Watafiti walijumlisha mwaka 2019: aina 501 za amfibia zimepungua kwa sababu yake, na 90 kati ya hizo huenda hazipo tena. Mwaka 2013 ikaelezwa ndugu yake, anayependa salamanda. Uholanzi, kundi la salamanda wa madoa ya njano lililokuwa likifuatiliwa lilipungua kwa asilimia 96.

Vyura wetu wakarudi. Mwaka 2010 mia moja wakatua Dar es Salaam, wakalelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwanza, na mwaka 2012 zaidi ya 2,000 wakaachiwa korongoni. Amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao: dunia ilikuwa haijaona. Waliondoka kwa ndege wakarudi kwa ndege, na wewe bado unasubiri basi Msamvu.

Hadi hapa tumepima vyura. Wajua kuwa vyura nao walipima watu? Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1960, mwanamke aliyetaka kujua kama ana mimba mkojo wake ulichomwa kwa sindano kwenye chura jike wa Afrika Kusini, Xenopus. Akitaga mayai kufika kesho yake, mimba ipo! Ugunduzi huo ulitokana na kazi ya Lancelot Hogben huko Cape Town, na maelfu kwa maelfu ya vyura wakasafirishwa kwenda hospitali za dunia. Chura hakufa, alipumzika, akamsubiri mama mwingine. Ndugu yake, Xenopus muelleri, yumo kwenye madimbwi ya Tanzania mpaka leo, wala hajui ukoo wake ulikuwa na maabara.

Na Morogoro? Hapa mnyama apimaye watu yupo sasa hivi, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Ni panya buku! Shirika la APOPO lilihamia SUA mwaka 2000, na huwafundisha panya kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Panya mmoja hukagua sampuli 100 kwa dakika 20. Mtaalamu mwenye hadubini angehitaji kama siku nne.

Anasemaje akikuta ugonjwa? Anatuliza pua juu ya tundu kwa sekunde tatu hivi. Basi. Sampuli imeshapashwa moto ili vijidudu vife, panya hapati madhara, na maabara hurudia kipimo kuthibitisha. Malipo yake ni ndizi na karanga. Kwa wagonjwa waliokuwa wameambiwa kliniki kuwa hawana kifua kikuu, pua hiyo imewapata maelfu.

Panya buku si panya wa darini kwako. Ni jamii nyingine kabisa, ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula, anafika zaidi ya kilo moja, na panya wa kawaida akiwa mzee wa miaka miwili, buku ana miaka minane ya kuishi. Kuna mahali Afrika ni kitoweo. Pale SUA ana kitambulisho na daktari.

Na wapo wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini, nao hupakwa mafuta ya kuzuia jua! Masikioni na mkiani, kusiko na manyoya, maana saratani ya ngozi ni hatari kwao. Hupimwa uzito na kukaguliwa na daktari wa wanyama mara kwa mara, wakianza kazi wakiwa vijana mpaka wanapostaafu.

Unamjua panya maarufu kuliko wote? Magawa, aliyezaliwa Novemba 2013, kwetu Tanzania. Alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akapata mabomu ya ardhini 71 na silaha 38 ambazo hazikuwa zimelipuka. Eneo la uwanja wa tenisi alilimaliza ndani ya dakika 30. Mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma huchukua mpaka siku nne. Bomu halikulipuka chini yake kwa sababu hana uzito wa kulilipua.

Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu. Katika miaka 77 ya shirika hilo kutoa medali, panya alikuwa hajawahi kupata hata moja! Medali ilikuwa ndogo, imetengenezwa iweze kuning'inia kwenye mikanda yake ya kazi.

Sasa uzee. Magawa alipofikisha miaka saba walezi waliona amepunguza mwendo, na Juni 2021 akastaafu. Hakuna eksirei iliyohitajika: panya anayetaka kazi hutoka mwenyewe kwenye kizimba asubuhi, na asiyetaka hubaki ndani. Januari 2022 akafariki. Wiki yake ya mwisho alicheza kama kawaida, kisha siku za wikiendi akaanza kulala zaidi na kupunguza kula, na hiyo ndiyo dalili yote aliyoitoa.

Rekodi yake imeshavunjwa. Ronin, Mtanzania mwingine, aliyezaliwa Agosti 2019, alianza kazi Kambodia mwaka 2021 na kufikia 2025 alikuwa amepata mabomu 109, akaingia kitabu cha rekodi cha Guinness. Huyo naye sasa anaelekea uzeeni, na walezi wanamtazama kila asubuhi mlango wa kizimba unapofunguliwa: atatoka, au leo hataki?